Msichana Asiye na Hatia: Riwayani na Jukwaani

Msichana mwema asiyejua ubaya wa dunia ni mhusika wa siku nyingi katika fasihi. Shakespeare alimchora katika Ophelia, aliyefundishwa na baba yake kutii, kisha akafa maji. Kwetu Tanzania mhusika huyu alipata sura kamili mwaka 1971, katika Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi. Hapa tutachunguza wema wa msichana huyu umejengwa juu ya nini, na anabadilikaje anapoigizwa jukwaani na vijana wenzake.

Rosa anakulia Ukerewe chini ya fimbo ya baba yake, Zakaria. Barua moja ya mvulana inatosha kumletea kipigo. Mlevi huyu hamwelezi binti yake lolote juu ya mwili wake wala juu ya wanaume, humkataza tu. Kwa hiyo Rosa anapokwenda kusoma sekondari Mwanza, hana ngao yoyote. Hapo ndipo penye nguvu ya riwaya hii. Kezilahabi anatuonyesha kwamba usafi wa Rosa ulikuwa ujinga uliolindwa kwa fimbo. Mwenye fimbo alipokuwa mbali, ulinzi ukaisha. Kwa kuyasema haya waziwazi, kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa muda.

Hata hivyo, tunayo lawama. Charles, anayetaka kumwoa Rosa, anampima kwa ubikira, naye Rosa anajiua. Msomaji anabaki na machozi, na machozi ni rahisi: twaweza kumlilia marehemu bila kuulizana sisi tulio hai tufanye nini.

Sasa tutazame Malya, katika Wilaya ya Kwimba, inayopakana na Mkoa wa Shinyanga. Mwaka 1982 na 1983 Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na vijana wa kijiji hicho kutunga maonyesho juu ya matatizo yao wenyewe, mojawapo likiwa mimba za wasichana. Walitumia pia sanaa za Wasukuma, kama wigashe, ngoma ya kukaa. Hapa msichana asiye na hatia hakubaki kwenye karatasi. Aliwekwa mbele ya wazazi wenyewe, na mchezo ulikuwa mwanzo wa mazungumzo. Kijana anayemwigiza msichana asiyejua hana budi yeye mwenyewe kujua: nani alimdanganya, nani alinyamaza, nani alipokea ng'ombe. Kuigiza ujinga ni kuuvua.

Jambo hili si la kale. Sheria ya Ndoa ya mwaka ule ule wa 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019. Huko Shinyanga, utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24, 59 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Na mwalimu wa Geita anajua jinsi fedha ya machimbo ya dhahabu inavyomfikia msichana njiani kabla elimu haijamfikia. Mwaka 2021 milango ya shule ilifunguliwa ili aliyejifungua arudi darasani; Rosa wa leo, basi, anaweza kuandikiwa mwisho mwingine.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba Rosa Mistika isisomwe kwa ajili ya mtihani pekee. Wanafunzi waiweke jukwaani, wavulana wakimwigiza Zakaria na Charles, wasichana wakimwigiza Rosa, na wazazi waalikwe. Mchezo usimamishwe pale barua inapokamatwa, na watazamaji waulizwe: baba huyu angesema nini badala ya kupiga? Kijiji kitakachojibu swali hilo kitakuwa kimemlinda binti yake kuliko fimbo ilivyowahi kumlinda Rosa.