Merikebu Mbovu na Sifa za Ujana

Hadithi za bahari aghalabu husifu moyo wa baharia na kusahau ubao unaomchukua. Mfano mashuhuri ni Youth, yaani Ujana, ya Joseph Conrad, iliyopigwa chapa kwanza mwaka 1898. Wasomaji wengi huipokea kama sifa ya umri usiojua hofu. Sifa hiyo imo, wala haikanushiki. Lakini mna pia mashtaka, na mshtakiwa hayumo chomboni.

Kisa chenyewe ni hiki. Marlow, kijana wa miaka 20, aingia kazini kama msaidizi wa pili wa nahodha katika Judea, merikebu kuukuu iliyolazwa bandarini London hata ikajaa kutu, vumbi na masizi. Yapakia makaa ya mawe kwenda Bangkok. Dhoruba yaifumua mbao, na watu wote wafua maji kwa bomba usiku na mchana. Yarudi Falmouth, yatengenezwa, yatoka, yavuja, yarudi tena. Hatimaye, ikiwa baharini mbali, makaa yashika moto yenyewe, sitaha yalipuka, na mabaharia waiacha iteketee.

Asili ya kisa ni ya kweli. Conrad alitumikia merikebu iitwayo Palestine, iliyoungua karibu na Sumatra mwezi wa Machi 1883, na uchunguzi ukafanywa Singapore. Yeye alikuwa na miaka 25, Marlow amepunguziwa. Nchi kavu haikuwa mbali na mashua za Palestine; mashua za Judea zasafiri siku nyingi. Kila badiliko laongeza utukufu wa kijana.

Basi tutazame anachokumbuka Marlow na anachosahau. Akumbuka maneno ya ushujaa yaliyoandikwa tezini, lakini jina la mwenye merikebu halimkai sawasawa kichwani. Ajua tu kwamba alifilisika, akafa. Chombo kilipokwama Falmouth, mwenye mali, wenye bima na waliokikodi walikuwa London wakigombana. Marlow alitaja jambo hilo kwa sentensi moja, kisha aomba apewe chupa. Hata hivyo yeye mwenyewe atueleza chanzo cha moto: makaa yalipakuliwa na kupakiwa mara nyingi hata yakavunjika vipande vidogo, tena yaliloa. Moto ulizaliwa na maji, maji yaliingia kwa uvujaji, na uvujaji ulizaliwa na uzembe. Usipoziba ufa utajenga ukuta; hapa aliyeacha ufa ni mmoja, na waliojenga ukuta ni wengine.

Wako waliotambua hivyo mapema. Mabaharia wapya walikataa safari ya siku 150 katika chombo kinachotaka kufuliwa maji saa 8 kila siku. Hesabu yao ilikuwa sahihi, na mwisho wa Judea uliwathibitisha. Lakini hadithi haiwapi wimbo. Yawashusha pwani na kuwaajiri wengine. Wakati huo Uingereza ilikwisha kuujua ugonjwa huu. Samuel Plimsoll alikuwa amepigania maisha ya mabaharia Bungeni, na sheria ya mwaka 1876 ikaamuru merikebu zichorwe alama ya kikomo cha shehena. Lakini mahali pa alama paliachiwa mwenye merikebu mpaka mwaka 1890. Aliyefaidika ndiye aliyepima.

Sasa tuwaangalie wasikilizaji wa Marlow. Mezani wameketi mkurugenzi wa makampuni, mhasibu, mwanasheria, na msimulizi asiyetajwa jina. Wote walipata kuwa mabaharia. Lakini watatu hao sasa wana kazi zile zile ambazo kwazo merikebu humilikiwa, hukadiriwa thamani na huamuliwa kesi zake. Hapana hata mmoja aulizaye habari za mbao. Mwisho wote waitikia kwa vichwa, wakiulilia ujana wao uliopita.

Yamkini mtu atasema kwamba sanaa si mahakama, na kwamba Conrad alikusudia kuimba ujana, si kuandika hati ya madai. Ni kweli; lakini ni yeye aliyewachagua wasikilizaji wale, akaliacha jina la mwenye merikebu likififia, akaeleza makaa yalivyoharibika. Hadithi yajua zaidi kuliko msimulizi wake. Msomaji akiishia kwenye sifa, atakuwa ameketi mezani pamoja na wale watatu.

Wahenga wa pwani walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Katika Judea neno hili lilitimia kwa nahodha mzee na kwa kijana sawasawa, maana wote walirudi kwenye maji ya ngama. Halikumhusu aliyebaki London. Uvumilivu wao wastahili heshima. Ila tusiufanye pazia la kumfichia aliyewalazimisha kuvumilia.