Mkufu wa Bahari: Mtoto wa Miaka Sita Anavyofundishwa Kusoma Kichina

Mtoto anayesoma Kiswahili akishazimudu silabi zake, ba be bi bo bu na wenzake, anaweza kulitamka neno lolote atakalowekewa mbele, hata kama maana yake haijui. Mtoto wa Kichina hana njia hiyo. Karibu kila herufi ni silabi nzima yenye maana na toni yake, na kwa kuitazama tu huwezi kuwa na hakika inatamkwaje. Mtaala wa China unamtaka mwanafunzi amalize darasa la pili akizitambua herufi zipatazo 1,600 na akiweza kuandika 800 kati ya hizo. Sasa katika muhula wa kwanza, herufi alizonazo zikiwa chache mno, utampa kifungu gani cha kusoma ambacho ni kizuri kweli, si maneno yaliyokusanywa kwa ajili ya mazoezi tu?

Jibu mojawapo limo katika kitabu cha kiada cha darasa la kwanza kilichotumika China nzima kuanzia Septemba 2017 hadi toleo jipya lilipoingia mwaka 2024. Ni kifungu cha Xia Niansheng kiitwacho Xianglian, yaani "Mkufu", chenye herufi kama mia moja. Bahari na ufukwe vinatajwa kwa rangi na ukubwa wake. Povu la mawimbi linakuja likicheka na kuacha makombe mchangani. Mtoto anayaokota, anayatunga mkufu, anauvaa. Nyayo zake nazo zinajipanga mchangani na kuwa mkufu wa pili, na huo unavaliwa na bahari yenyewe.

Ufundi wa kwanza ni urudiaji usioonekana. Makombe yanayoangushwa na wimbi ndiyo hayohayo yanayookotwa na mtoto, tena kwa maneno yaleyale. Ufukwe unatajwa mwanzoni, katikati na mwishoni. Kucheka kunarudi, kuvaa kunarudi, mkufu unarudi. Mwanafunzi aliyekwama kwenye neno mara ya kwanza analikuta tena mistari miwili mbele, na safari hii kisa kinamsaidia kulitambua. Analifanyia zoezi bila kuambiwa kuwa ni zoezi.

Ufundi wa pili umo katika sura za herufi. Bahari (海), mchanga (沙) na wimbi (浪) zote zina matone matatu ya maji upande wa kushoto. Mwalimu mzuri huziandika ubaoni pamoja na kuwauliza watoto zinafanana wapi, kisha huwaacha waone wenyewe. Upande wa kulia mara nyingi hudokeza sauti: 沙 husomwa shā, na ndani yake mna 少, shǎo; 浪 ni làng, na ndani yake mna 良, liáng. Lakini 海 ni hǎi, ilhali iliyomo ndani, 每, ni měi. Naona ni vyema mtoto aambiwe mapema kwamba dokezo ni dokezo tu, asije akalitegemea likamwangusha.

Ipo pia 贝, kombe, ambayo asili yake ni mchoro wa kombe lenyewe. Kauri, aina moja ya kombe, zilithaminiwa sana China ya kale. Kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme wa enzi ya Shang, lilipofukuliwa Anyang mwaka 1976 zilikutwa humo kauri zaidi ya 6,000. Ndiyo maana 贝 imo hadi leo katika herufi za mali (财), bidhaa (货) na ghali (贵). Kwa mtoto wa darasa la kwanza, kombe linatosha. Utajiri atakutana nao baadaye, na herufi itakuwa tayari ameshaizoea.

Penye kazi kubwa ni kwenye vijineno vidogo. Somo la kwanza kabisa la kitabu hicho hufundisha mbingu, ardhi na mtu, na humo 地, ardhi, husomwa dì. Katika "Mkufu" herufi hiyohiyo inafuata sauti ya kicheko na kuiunganisha na kitendo, na hapo husomwa de, kwa wepesi, bila toni. Mtoto mwenye bidii, anayekumbuka vizuri alichofundishwa, ndiye atakayesema dì kwa nguvu na kuikata sentensi vipande viwili. Kichina pia hakiachi nafasi kati ya neno na neno. Anayesoma kwa kidole, herufi moja moja, huzipa zote uzito sawa, na darasa zima huishia kuvuta sauti kwa pamoja. Walimu wa China wanaijua tabia hiyo na wanaiita changdu, kusoma kwa kuimba.

Dawa yake ni sikio kutangulia jicho. Mwalimu anasoma kwanza, watoto wanafuata fungu kwa fungu, vijineno vyepesi vikiegemea neno lililotangulia, na kidole kinateleza chini ya fungu zima. Baada ya hapo ndipo herufi zinatolewa nje ya kifungu na kutajwa kwa mchezo wa treni, kila mtoto akiwa behewa na kusoma moja kwa zamu yake. Sikubaliani na wanaoanza na herufi peke yake. Mtoto akishaizoea dì iliyo pweke, kumrudisha kwenye de ni kazi mara mbili.

Juu ya kila herufi kuna Pinyin, maandishi ya Kilatini yenye alama za toni, yaliyoidhinishwa mwaka 1958. Pinyin humwezesha mtoto kusoma peke yake, lakini pia humruhusu asiitazame herufi kabisa. Kwa hiyo usomaji wa pili au wa tatu ufanyike Pinyin ikiwa imefunikwa.

Na je, mtoto wa mkoa wa Gansu, mbali na pwani, ambaye hajawahi kuiona bahari? Wengi humwonyesha picha au video. Mimi ningeanza na sauti ya mawimbi. Mlio wa wimbi (哗哗) na kicheko cha mtoto (嘻嘻) vyote vina alama ya mdomo, 口, upande wa kushoto, na mtoto aliyeuiga mlio kwa mdomo wake ataelewa kwa nini.

Kuandika huja mwisho, na huwa kuchache. 又 ina mistari 2 na 白, nyeupe, ina 5, hizo anaziandika. 螺, konokono wa baharini anayetajwa pamoja na makombe, ina 17. Hiyo anaisoma tu. Kutenganisha kutambua na kuandika ndiko kunakomwezesha mtoto wa miaka sita kusoma kitu cha maana zaidi kuliko kile mkono wake unachoweza kukiandika.

Swali la mwisho darasani huwa: mkufu wa bahari ni upi? Wengine watajibu makombe. Asisahihishwe mtu papo hapo. Aambiwe aweke kidole kwenye mstari unaosema hivyo, ausome kwa sauti, kisha ajibu tena.