Ufundi wa Kutoa Taarifa ya Kasoro

Simiyu ni mkoa wa pamba nchini Tanzania. Msimu wa ununuzi ukifunguliwa, mzigo wa mkulima hupimwa kwenye AMCOS, yaani chama cha ushirika wa mazao, kilo zikaandikwa daftarini, kisha kuna mtu pale Bariadi anayeketi mbele ya kompyuta kutafuta wastani wa kila kijiji. Tuseme anatumia R, programu huria ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na ambayo toleo lake la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Hailipiwi, na kwa ofisi ya wilaya hilo si dogo. Lakini ninayetaka kumsifu ni yule mtu anayelitazama jibu na kusema: hapana, hii haiwezekani.

Chukua mfano: karani hakupata uzito wa mkulima mmoja, akaweka kistari. Kwa kistari hicho kimoja R huisoma safu nzima kuwa ni maneno. Katika matoleo ya zamani maneno hayo yaligeuzwa makundi bila mtumiaji kuulizwa, na kila kundi likapewa namba ya ndani kwa mpangilio wa herufi. Ukizilazimisha kilo 1050, 412 na 87 zirudi kuwa namba, unapata 2, 3 na 4, kwa kuwa 1 imechukuliwa na kistari. Mwenye kilo 87 amempita mwenye kilo 1050, na hakuna onyo lililotokea. Wastani unatoka, mchoro unachorwa, ripoti inapelekwa mkoani. Anayeweza kuisimamisha ni yule anayewajua wakulima, anayejua kuwa hakuna kijiji ambacho kila mtu alileta kilo tatu za pamba. Ujuzi huo haumo kwenye kitabu chochote cha kompyuta.

Kinachofuata ni kigumu zaidi, nami nakiheshimu kuliko vyote: kuuliza kama kosa ni la programu au ni la kazi yako mwenyewe. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa 2012. Unganisha takwimu za leo na ramani iliyochorwa kabla ya hapo, utaikuta Bariadi ingali chini ya Shinyanga na Itilima haipo. Tena kuna Halmashauri ya Mji wa Bariadi na Halmashauri ya Wilaya ya Bariadi. Ukiandika "Bariadi" tupu, mistari itapotea au itajirudia. Hapo R haina lawama. Imelinganisha herufi kama ilivyoagizwa.

Kasoro ikibaki baada ya uchunguzi huo, ndipo taarifa huandikwa. Anayeipokea huenda yuko Vienna, inakotunzwa hifadhi kuu ya vifurushi vya R, na hajui AMCOS ni nini. Basi mtoa taarifa hupunguza. Maelfu ya mistari hubaki mitano, tena ya kubuni, kwa sababu jina la mkulima au la mgonjwa wa zahanati si la kusambazwa. Hutaja toleo la programu, mfumo wa kompyuta, alichotarajia na alichopata. Mara nyingi kasoro hujifichua wakati wa kupunguza, kabla taarifa haijatumwa.

Nguvu ya kazi hii ilionekana 2018, Kellie Ottoboni na Philip Stark wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoonyesha kuwa njia ya R ya kuchagua sampuli kwa bahati nasibu ilikuwa na upendeleo. Ushahidi uliweza kutoshea katika mistari michache: chagua namba milioni moja kutoka katika orodha kubwa mno, kisha uhesabu shufwa na witiri. Badala ya kugawana nusu kwa nusu, zilitoka karibu asilimia 40 kwa 60. Toleo la 3.6.0 la Aprili 2019 likabadili njia hiyo. Mwaka uliofuata, toleo la 4.0.0 likaacha kugeuza maneno kuwa makundi bila kuulizwa, jambo lililokuwa limelalamikiwa kwa miaka mingi.

Nawaomba watakwimu wa Bariadi, Maswa, Meatu, Busega na Itilima: msiishie kuipita kasoro kwa njia ya mkato na kuinyamazia. Kiingereza kikikwama, wekeni mistari mitano inayoirudia kasoro hiyo. Aliye Vienna ataiendesha kwenye kompyuta yake na kuona mlichokiona ninyi.