Kila Mnara na Daftari Lake

Anayeuza intaneti Unguja ana kazi mbili, kuileta na kuigawa, na ngumu zaidi ni kuigawa. Data inavuka bahari kutoka Dar es Salaam, zinakofikia nyaya za SEACOM (2009) na EASSy (2010). Tarehe 12 Mei 2024 zote mbili zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, mtandao ukasuasua Tanzania nzima, na kidogo kilichobaki kilihitaji mgawaji stadi.

Mgawaji huyo ni kompyuta inayokaa kati ya wateja na njia kuu. Kila pakiti inayopita huulizwa: ya nani, kalipia kasi gani, mnara wa redio unaomhudumia una nafasi kiasi gani? Katika Linux, kazi hii imefanywa kwa miaka mingi na programu ya HTB ya Martin Devera. Ni kazi nzuri mno, ila ina daftari moja. Kiini kimoja cha prosesa kikiandika humo hutia kufuli, na vingine husubiri. Kwenye njia ya gigabiti 10, hata pakiti kubwa hufika kama 812,000 kwa sekunde, yaani kila moja ina mikrosekunde 1.2 tu. Hapo viini 16 huwa kama makarani 16 wa bandari ya Malindi wanaogombea daftari hilo. Ukiongeza wa 17, umeongeza mgombezi.

Kukipa kila kiini daftari lake, kisha kuiachia kadi ya mtandao itawanye pakiti kwenye viini, hakutoshi. Kadi hutazama mawasiliano, haimjui mteja. Video ya mtu aliyelipia megabiti 20 itaangukia kiini cha 3, faili analopakua cha 7, na kila kiini kitampa 20 zake kamili. Jirani ndiye atakayepunjwa.

Jesper Dangaard Brouer alilitatua hili katika xdp-cpumap-tc. Pakiti inapoingia tu, programu ndogo husoma anwani ya mteja, hutazama jedwali la wateja na viini vyao, kisha huipeleka pakiti kwenye kiini cha mteja huyo. Kila kiini kina HTB yake na kufuli lisilogombewa. Programu ya LibreQoS imejengwa juu ya fikra hiyo, na ndani ya foleni ya kila mteja huweka mpangaji foleni wa CAKE, aliyeingia Linux mwaka 2018, ili simu ya sauti isikwame nyuma ya faili kubwa.

Ninachokistaajabia zaidi ni mahali LibreQoS inapoikata kazi: kwenye mnara. Wateja wote wa mnara mmoja wa Paje hukaa kiini kimoja, kwa sababu uwezo wa mnara ni hesabu yao ya pamoja. Wa Nungwi huenda kiini kingine. Hawana cha kuulizana. Mnara mmoja ukizidi nguvu za kiini kimoja, mpango unagota, lakini minara ya redio ni nadra kufika huko.

Jedwali lenyewe linamtaka mtu anayeujua mji. Mji Mkongwe, kuta nene za mawe ya matumbawe humeza mawimbi, kwa hiyo antena hupandishwa juu ya paa, na nyumba mbili zinazotazamana kichochoroni zinaweza kutegemea minara tofauti. Ukilijaza kwa kukisia mtaa, hesabu zote zinaharibika.

Programu hizi ni huria. Wanafunzi wa SUZA pale Tunguu na wa Taasisi ya Karume Mbweni, zifungueni mzisome. Anzeni na sehemu inayochagua kiini.