Juu ya diski ya kwanza ya Lokua Kanza

Wasomaji wengine watauliza: diski ya dunia inatafuta nini katika gazeti la seminari? Twajibu kwa kifupi. Waseminari wanaisikiliza, walimu wa korali wanaisikiliza, na sisi wenyewe twaipenda tangu miaka mingi. Kitu kinachopendwa hivi chafaa kielezwe mbele ya watu, kuliko kupendwa pembeni kama pombe ya kufichwa.

Kwanza mambo ya kujua. Diski ina jina la mwimbaji mwenyewe, Lokua Kanza, nayo ilitoka mwaka wa 1993. Lokua alizaliwa Bukavu katika mwaka wa 1958, baba yake Mumongo, mama yake Munyarwanda. Alikuwa mutoto bado wakati jamaa yake ilipohamia Kinshasa. Huko aliimba katika korali za kanisa, akasoma muziki, akapiga gitari katika kundi la Abeti Masikini, yule mwanamuke mwenye sauti kubwa aliyezaliwa Kisangani. Mwaka wa 1984 akaenda Paris. Alikaa huko karibu miaka kumi akiwasaidia wengine, kama Ray Lema na Manu Dibango, mbele ya kutoa kitu chenye jina lake. Mwaka wa 1994 diski ikapewa zawadi kule Libreville. Basi, haya yatosha.

Musikilizaji wa Kindu anayeiweka mara ya kwanza anangojea. Anangojea nini? Sebene. Sisi Wakongo tumezoea wimbo wenye sehemu mbili: kwanza maneno pole pole, halafu magitari yanashika moto, atalaku anapaza sauti, na hakuna mutu anayebaki kwenye kiti. Katika miaka ile ile Wenge Musica ilikuwa ikiwasha inchi yote kwa namna hiyo. Katika diski hii sebene haiji. Kuna gitari, kuna sauti, kuna ngoma kidogo, halafu wimbo umekwisha. Mara ya kwanza mutu anajiona kama aliyeitwa kwenye karamu akapewa maji tu. Mara ya tatu anaanza kuonja yale maji.

Maana upole wa diski hii ni kazi, tena kazi ngumu. Sikilizeni gitari. Mupigaji wa kawaida anajaza kila fasi iliyo wazi, kwani anaogopa kimya. Lokua anapiga nyuzi tatu ao ine, anaziacha zilie mpaka zichoke, ndipo anaongeza neno. Mashairi yake ni mafupi, na kati ya mushororo mumoja na mwingine kuna fasi ya kupumua. Hakuna ala inayosukuma ingine ili isikiwe. Kupunguza hivi kunadai masikio ya hakika, kwa sababu pahali penye vitu vichache kosa halina pa kujificha. Bafle kubwa zinafunika mengi. Gitari moja haifuniki kitu.

Halafu ile sauti. Ni nyembamba, inapanda juu mpaka kwenye sauti ya kichwa bila kukaza shingo. Nyuma yake twasikia korali, na watu wengi wanafikiri ni kundi la vijana. Mara nyingi ni yeye mwenyewe. Katika studio anaimba sauti ya kwanza, mashini inaishika. Anarudi kuimba ya pili juu yake, halafu ya tatu, hata inakuwa korali ya mutu mumoja. Walimu wa korali waangalie hapa. Kinachofanya ile korali iwe laini namna hiyo ni pumzi: wote wanavuta pumzi fasi moja, kwani ni kifua kimoja. Parokiani tuna vifua makumi matatu, na kila kimoja kina haraka yake. Kuvifundisha kupumua pamoja kunachukua majuma mengi kuliko kufundisha maneno, na ndiyo kazi tunayoiruka kila mwaka tukikaribia Noeli.

Kuna jambo lingine linalotugusa sisi watu wa Maniema. Nyimbo nyingi za Lokua ni za Lingala. Na Lingala, hapa kwetu, ilifika na bunduki. Tangu wakati wa Force Publique ya Wabelgiji ilikuwa lugha ya kambi, lugha ya kuamuru, lugha ya kumusimamisha mutu njiani na kumuuliza karatasi zake. Wazee wetu waliijua kwanza kwa woga, halafu tu kwa miziki ya Kinshasa. Lokua anaiimba sawa mama anavyosema na mutoto aliyekaribia kulala. Tunatambua kwamba maneno yale yale yanaweza kutamkwa bila kupaza, na kwamba yana utamu ambao askari hakutuonyesha. Mutu aliyeona Kindu ikichukuliwa katika mwaka wa 1997, na tena katika mwaka wa 1998, hawezi kuona hilo kuwa jambo dogo.

Tufikiri tena juu ya mama yake. Diski ilitoka mwaka wa 1993. Mwaka uliofuata kulikuwa mauaji yale ya Rwanda, halafu moto ukavuka mupaka ukaingia kwetu, na watu wakaanza kuhesabiana: huyu baba yake nani, mama yake nani. Hatusemi kwamba diski ilitabiri. Lakini leo, tukiisikiliza, twajua kwamba sauti hii moja imezaliwa na pande mbili ambazo wengine walitaka zisikae tena chini ya paa moja.

Wako wanaosema kwamba muziki wa namna hii ni wa Wazungu, umepikwa Paris, si wetu. Hapa hatukubali. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey alimukuta Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akashika wimbo wake «Masanga» kwenye mashini. Bosco alipiga gitari peke yake, kwa kidole gumba na cha shahada, pole pole, akaimba kwa Kiswahili cha Katanga bila kumuzidi mutu kelele. Alikufa katika mwaka wa 1990, miaka mitatu tu mbele ya diski hii. Kindu iko kwenye njia ya reli inayotoka huko kwa Bosco. Kwa hiyo gitari ya upole haikuletwa kwetu na ndege ya Paris. Tuliikuwa nayo, tukaisahau wakati umeme ulipofika.

Lakini tusiwe wapenzi vipofu. Kuna nyakati utamu unazidi, kama sombe iliyotiwa mawese mengi hata ladha ya majani imepotea. Nyimbo mbili tatu zinafanana sana, na musikilizaji asiyekuwa mwangalifu hajui moja imeisha wapi. Wazee wanaopenda kucheza wanasema muziki huu hauna miguu. Si uongo kabisa. Na sisi tuna deni letu kwake: mutoto wa Bukavu angetupa Kiswahili zaidi. Tunafurahi kwamba wimbo unaojulikana kuliko mingine unaitwa «Mutoto», kwa mu- yetu ya Kongo, si kwa namna ya pwani. Hata hivyo, katika diski zilizofuata, kama «Nkolo» ya mwaka wa 2010 na «Moko» ya mwaka wa 2021, majina yenyewe ni ya Lingala.

Neno moja kwa wale wa korali. Tangu Misa ya dayosezi za Zaire ilipokubaliwa na Roma katika mwaka wa 1988, ngoma na kucheza vina kiti chao kanisani, na hakuna anayetaka kuviondoa. Twaomba tu kwamba wakati wa komunyo sinteze ipunguzwe mpaka mutu asikie jirani yake akiimba. Jaribuni wimbo mumoja kwa gitari moja, sauti mbili, bila ampli. Mara ya kwanza watu watageuka kuangalia kama umeme umekatika.

Mwenye kutaka kuanza diski hii aanze na «Mutoto», usiku, wakati jirani amekwisha kuzima mashini yake ya umeme.