Dirisha ya mistari miwili



Juzi mwenzetu mmoja aliyemaliza ujenzi alinionyesha plani ya depo ya mbegu. Niseme kwanza yaliyo mazuri: wazo lake ni la akili. Ukuta uko na safu mbili za tofali za kuchoma, katikati nafasi ya sentimita 10, na humo atajaza maganda ya mpunga yaliyokauka. Maganda hayo tunayatupa kila mavuno, kumbe yanazuia joto kupita. Na kwa mbegu, joto njo adui. Kanuni ya Harrington, sisi wa kilimo tunaijua: ukipunguza joto la depo kwa digrii 5, maisha ya mbegu yanaongezeka karibu mara mbili, ukipunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia 1, vilevile.

Sasa nikatafuta dirisha. Kwenye plani ni mistari miwili. Kwenye fasade ni rangi ya buluu, inapendeza. Kupe ya kuonyesha namna dirisha inakaa ndani ya ukuta, hakuna. Nikamuuliza. Akajibu: "Masoni atajua." Hapo njo ninapinga.

Masoni atafanya alivyozoea. Kandokando ya dirisha atalaza tofali zikamate safu zote mbili. Nafasi ya maganda itafungwa, na joto litapitia hapo kama kwenye daraja. Chini atapiga simenti bila mteremko. Mvua yetu ya ziwa inakuja na upepo, haianguki wima. Maji yatasimama, yataingia kwenye maganda, maganda yataoza. Magunia ya karanga yanayoegemea ukuta huo yatapata ukungu, na ukungu wa karanga unaweza kuleta aflatoksini. Basi hii si habari ya urembo.

Kuna watakaosema detaye hizo ni mambo ya Ulaya. Ni kweli, kitabu cha Ernst Neufert, kilichotoka Ujerumani mwaka 1936 na ambacho watu wa ujenzi wanakisoma mpaka leo, kilizaliwa nchi ya baridi. Kule wanapigana joto lisitoke, sisi, lisiingie. Kunakili tu haitoshi. Lakini maswali ni yaleyale: kizuizi cha joto kinakatika wapi? Maji yanatokea wapi? Hewa inapita wapi?

Mimi ningeomba kupe moja tu, kwa skeli ya 1/5. Shasi ya mbao ikae usawa wa maganda, na ubao njo ufunge nafasi, si tofali. Kizingiti cha chini kiinamie nje, kipite ukuta kwa sentimita 5, na chini yake kiwe na mfereji mdogo ili tone lidondoke, lisirudi ukutani. Chini ya kizingiti iwekwe plastiki nene, ikunjwe juu upande wa ndani. Wavu wa kuzuia panya usisahauliwe. Na dirisha isitazame magharibi, ju jua la alasiri halina huruma. Hapa karibu na ikweta, kaskazini ao kusini ni afadhali.

Fasade yenye rangi inafurahisha mwenye kulipa. Kupe ya dirisha inalinda mbegu tutakayopanda mwezi wa tisa.

Wenzetu wa ujenzi, mnasema aje?