Fundi wa Pedi: Jinsi ya Kumtambua Mchezaji Stadi wa Gemu ya Kandanda Homa Bay na Migori

Mgeni akiingia kibanda cha gemu mjini Homa Bay, Awendo au Rongo, jicho lake hukimbilia kwanza kwenye kona ya skrini, palipoandikwa mabao. Hapo ndipo hukumu yake inapoanza kupotoka. Matano kwa mawili yanasema nani ameshinda mechi hiyo. Hayasemi nani anajua kucheza. Wenyeji wa benchi la nyuma, wale ambao zamu yao bado na hawana haraka, hutazama kwingine kabisa. Hutazama vidole vya yule asiye na mpira.

Ni watazamaji wagumu, na wana sababu. Klabu ya Gor Mahia, iliyoanzishwa 1968, ilipewa jina la Gor, mganga maarufu wa Kanyamwa, eneo ambalo leo limo ndani ya Kaunti ya Homa Bay. Mwaka 1987 klabu hiyo ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika kwa faida ya mabao ya ugenini dhidi ya Espérance ya Tunisia. Upande wa Migori, SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Awendo, ilichukua ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2006. Mtu aliyelelewa katika habari hizi akikaa mbele ya televisheni ya kibanda, hudai kitu kimoja kabla ya vingine vyote: kinachochezwa pale kifanane na kandanda. Ushindi uliopatikana kwa hila moja iliyorudiwa mara saba haumsisimui.

Cha kwanza kutambua ni chuo alikosomea mchezaji. Wakongwe wengi wa vibanda walianzia kwenye PlayStation 2, mashine iliyotoka mwaka 2000, wakicheza Pro Evolution Soccer (PES) ya kampuni ya Konami. Wengine walilelewa na FIFA ya EA Sports, mfululizo ulioanza mwaka 1993. Vitufe ndivyo humfichua mtu. Katika PES, kwa mpangilio wa kawaida, shuti hupigwa kwa kitufe cha mraba na mpira wa juu kwa duara. Katika FIFA mambo yamegeuzwa, duara ni shuti na mraba ni krosi. Kwa hiyo ukimwona mtu yuko peke yake na kipa, kisha akainua mpira wa juu usioenda kwa yeyote, usimhukumu haraka. Huenda kidole chake bado kinaishi katika gemu nyingine. Majina nayo yamebadilika tangu hapo: PES ikawa eFootball mwaka 2021, na FIFA 23 ikawa ya mwisho kubeba jina hilo kabla ya EA Sports FC 24 kutoka Septemba 2023. Tabia za vyuo viwili hazijafutika. Waliotoka PES hujenga taratibu, hugusa mara mbili kabla ya kuachia, na wanajua thamani ya mshambuliaji mzito. Adriano wa Inter katika PES 6, aliyepewa nguvu ya shuti ya 99, aliwazoesha kupiga kutoka mbali. Waliotoka FIFA hupenda upana na mbio.

Mbio ndizo mtindo ulioenea kuliko yote, na ndizo zinazohitaji jicho kali zaidi. Mchezaji wa aina hii huchagua timu yenye winga wa kasi, mtu kama Kylian Mbappé aliyekuwa na kasi ya 97 katika FIFA 23, kisha hubana R2, kitufe cha mbio, tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Mpira hupenyezwa kwa kitufe cha pembetatu, winga hukimbia, krosi, bao. Si dhambi. Kasi ni silaha halali, na hata uwanjani kuna timu zilizojengwa juu yake. Tatizo ni kwamba R2 inayobanwa bila kupumzika hurefusha mguso, mpira ukaenda mbali na mguu, na huchosha wachezaji mapema. Hivyo kipimo cha mtu wa mbio kiko katika dakika ya 70. Ikiwa winga wake amekwisha nguvu na yeye bado anamtuma kwenye njia ile ile, basi hana mtindo, ana zoea. Lakini yuko mkimbiaji wa daraja jingine: huachia R2 nusu sekunde kabla ya kukutana na beki, hutulia, beki naye husita, ndipo hubana tena. Huyo anaitumia kasi kama mpiga ngoma anavyotumia kimya, na anastahili kutazamwa hadi mwisho.

Mtu wa chenga ni rahisi kumpima. Analogi ya kulia inafanya maajabu mengi, hasa kwa wachezaji waliopewa nyota tano za ufundi, na kibanda kizima hulipuka mtu akipigwa tobo au kuvishwa kanzu. Swali ni moja: baada ya chenga, mpira ulikwenda wapi? Kama chenga ilifungua nafasi ya pasi au shuti, ilikuwa kazi. Kama alimzunguka beki yule yule mara mbili na kurudi alikoanzia, lilikuwa onyesho la benchi.

Kisha kuna watunza mpira. Hawa hupigiwa kelele. “Omera, cheza mbele!” husikika nyuma yao, maana kila gemu inalipiwa na wanaosubiri zamu hawapendi kuona mabeki wakipasiana. Hata hivyo mtazamaji mwenye subira ataona tofauti kubwa ndani ya kundi hili. Yupo anayepasi kwa sababu anaogopa kupoteza, na yupo anayepasi ili kumvuta mpinzani atoke mahali pake. Wa kwanza pasi zake huenda pembeni na kurudi, na wapinzani hawasogei. Wa pili, kila pasi tatu au nne utaona kiungo wa mpinzani amehama hatua chache, na pengo limezaliwa nyuma yake. Ukitaka kuwatenganisha, usifuate mpira. Tazama kivuli cha mpinzani anayeukimbilia.

Sasa turudi kwenye vidole vya asiye na mpira, kwa sababu ndipo ustadi unapokaa. Hadi FIFA 11, kukaba kulikuwa jambo la kubana kitufe kimoja: beki alikimbia mwenyewe na kujaribu kupora. FIFA 12, iliyotoka Septemba 2011, ilileta mfumo mwingine. Kitufe kile kile sasa humfanya beki amfuate mshambuliaji kwa umbali fulani, na kupora ni uamuzi tofauti, unaohitaji muda wake. Ukikosea, beki amepitwa na lango liko wazi. Mfumo wa zamani ulibaki kama chaguo, na vibanda vingine viliushikilia kwa sababu wateja waliuzoea, lakini anayetaka kujua fundi ni nani aombe mechi ichezwe kwa mfumo mpya.

Katika mfumo huo, mchezaji wa kawaida humtuma beki wa kati mbele kila anapoona mpira. Anafurahia kupora mara moja, halafu anafungwa mara tatu kupitia shimo aliloacha. Fundi hamgusi beki wa kati hadi iwe lazima. Hubonyeza L1 kubadilisha mchezaji, akamchukua kiungo mkabaji, akamrudisha kufunika njia ya pasi. Hubana L2 ili beki asimame sawa na kumkabili mshambuliaji, bila kupora. Anasubiri. Mshambuliaji akigusa mpira kwa nguvu kidogo, hapo ndipo duara, kitufe cha kupora, hubonyezwa, mara moja tu. Kwa mtazamaji asiyejua, dakika hizi huonekana kama hakuna kinachotokea. Kwa anayejua, ndizo dakika bora za jioni.

Sikiliza pia sauti ya pedi. Anayekaba kwa woga hubonyeza mfululizo, na vitufe hulia ta-ta-ta-ta. Fundi pedi yake karibu haisikiki. Na angalia L1 yake inakuja lini: kama anabadilisha mchezaji baada ya pasi ya mpinzani kufika, yuko nyuma ya mchezo, kama anabadilisha mpira ungali njiani, anausoma. Pembetatu nayo inasema mengi. Ukiwa huna mpira, kitufe hicho humtoa kipa langoni. Wenye pupa humtoa mara tu mshambuliaji anapochomoka, na mpira huinuliwa juu yake kwa L1 na duara, akabaki katikati ya boksi akitazama nyavu. Anayejua humwacha kipa mahali pake na kumkimbiza beki arudi.

Umaliziaji wenyewe hauhitaji maneno mengi. Mstari wa nguvu ukijaa kupita kiasi mpira unapaa. R1 na duara ni shuti la kupinda kwenye kona. Tangu FIFA 19 kuna pia ubonyezaji wa pili unaopaswa kulingana na mguu kugusa mpira, ambao ukipatia huongeza ubora wa shuti na ukikosea huliharibu. Ukimwona mtu anautumia katika dakika ya 88, mabao yakiwa sawa, ujue ana moyo au hana akili. Bao la pili la namna hiyo litakuambia ni lipi.

Jambo la mipangilio linastahili uzito zaidi kuliko linavyopewa vibandani. Gemu hizi huja zikiwa na msaada: pasi hurekebishwa ili zimfikie mwenzako hata kama analogi ilielekezwa vibaya kidogo. Msaada huo unaweza kupunguzwa au kuondolewa. Mabishano kuhusu kama uondolewe ni ya zamani, tena si ya wapenda kandanda peke yao. Mashabiki wa gemu za nyambizi wamekuwa nayo tangu enzi za Silent Hunter III, gemu ya Ubisoft ya mwaka 2005 ambamo mchezaji huongoza nyambizi ya Kijerumani katika Vita vya Pili vya Dunia. Ndani yake kiwango cha uhalisia hupimwa kwa asilimia. Wapo wanaoiachia gemu ihesabu pembe ya torpedo, na wapo wanaokokotoa wenyewe umbali, mwelekeo na mwendo wa meli kutoka kwenye periskopu, na wakikosa wanakosa. Wengine huharakisha saa ili wafike vitani. Wengine hukaa na bahari tupu. Kila kundi linaamini ndilo linalocheza gemu yenyewe. Mtu wa Mbita au Sori anayecheza kandanda bila msaada wa pasi ni ndugu wa yule mwenye periskopu. Pasi zake nyingi zitapotea na huenda akafungwa na mtoto wa shule. Lakini zile chache zinazofika, kati ya mabeki wawili na kwenye mguu unaofaa, ni zake mwenyewe, na mwamuzi wa haki huzihesabu kwa bei ya juu.

Kuna sifa moja isiyo ya vidole. Tarehe 7 Mei 2019, Liverpool ikiwa na mabao matatu dhidi ya Barcelona, Trent Alexander-Arnold alipiga kona ya haraka mabeki wakiwa wamegeuza nyuso, na Divock Origi akafunga la nne. Baba yake Origi, Mike Okoth, aliichezea timu ya taifa, Harambee Stars, na ami yake, Austin Oduor, ndiye aliyekuwa nahodha wa Gor Mahia mwaka ule wa 1987. Bao lile lilitokana na macho yaliyobaki wazi mpira ulipokuwa umesimama. Kibandani nako, mechi nyingi huamuliwa wakati mmoja amegeuka kubishana na benchi kuhusu kuotea. Fundi haondoi macho kwenye skrini. Muda huo huutumia: kidole gumba cha kushoto hushuka kwenye mishale ya pedi, akaipandisha timu mbele au kuirudisha nyuma, akaangalia nani amechoka, akajiandaa kubadilisha mtu.

Kabla ya kutoa hukumu yoyote, vifaa vikaguliwe. Pedi iliyochakaa ina ugonjwa wa analogi kuvuta upande mmoja. Mchezaji kwenye skrini hutembea bila kuelekezwa, na mtu mzuri huonekana mzembe. Televisheni nyingine huchelewesha picha kidogo, kiasi kwamba anayepora kwa wakati huonekana amechelewa. Nyingi zina mpangilio wa gemu unaopunguza tatizo hilo, na mwenye kibanda akiombwa huuwasha. Waliojifunzia kwenye simu, kwa eFootball au Dream League Soccer, wapewe mechi mbili za kuzoea pedi; wana akili ya nafasi, ila vidole vyao vilizoea kioo. Umeme ukikatika katikati ya mechi, kila kibanda kina desturi yake, na heri ikubaliwe kabla ya mpira kuanza.

Basi wachezaji wawili wanaoshindanishwa wabadilishane pedi wakati wa mapumziko. Mechi ya pili wabadilishane na timu: aliyekuwa na Mbappé apewe timu ya daraja la chini, yenye mabeki wazito na mshambuliaji mmoja asiye na mbio. Aliyeshinda ya kwanza akifungwa mawili kwa moja huku akiwa amefunga njia za katikati na kumlazimisha mpinzani apige krosi, benchi la nyuma litampa pointi nyingi kuliko alizopata kwa matano yake ya awali.